Karatasi ya kromosomu: saratani ya damu inasomwaje, na kwa nini si kesi ya ukoo

Jumapili moja mwezi uliopita niliitwa kwa jirani, huku kwetu Kibosho, nikadhani ni kikao cha mchango kama kawaida. Kijana wao wa miaka 19 amelazwa, ana saratani ya damu, na watu wakitoka misani hupitia pale kuacha walichojaliwa. Nilipoingia sebuleni nikakuta watu wamenuna. Baba kakaa kwenye kochi lake, mama kakaa karibu na mlango wa jikoni, baba mdogo yuko katikati kama hakimu. Mezani, kando ya sahani ya machalari iliyokwisha poa, palikuwa na karatasi moja ya majibu.

"Mwalimu, wewe ulikuwa maabara kabla ya kufundisha. Tusomee hii," baba mdogo akasema. "Daktari kasema kromosomu zimeharibika. Na kromosomu si ndiyo vinasaba? Tunataka kujua zimetoka upande gani."

Hapo nikaelewa kwa nini mama kakaa mlangoni. Nchini kwetu neno vinasaba limeshapata kazi moja tu: kujua baba wa mtoto ni nani. Ukitamka "kupima DNA" mtu anamwaza Mkemia Mkuu wa Serikali, anawaza kesi, anawaza ndoa inayovunjika. Kumbe kipimo alichofanyiwa kijana hakikuhusu baba wala mama. Kilichunguza ugonjwa wenyewe. Nimeulizwa jambo hilohilo mara nyingi mno, kwenye daladala, msibani, hata kwenye foleni ya damu, kwa hiyo safari hii naliandika lote.

Tuanze na damu. Chembe za damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto, ndugu yake ule ute mnono tunaougonga kutoka kwenye mfupa wa supu. Uloto una seli changa zinazokua hatua kwa hatua mpaka ziwe chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, au chembe sahani zinazozuia damu kuvuja. Lukemia, yaani saratani ya damu, huanza seli moja changa inapogoma kukua na kuanza kujizalisha. Vitoto vyake navyo havikui, vinazaana tu, vinajaza uloto wote. Chembe za kazi zinakosa nafasi. Ndiyo maana mgonjwa anaishiwa damu, anapata homa zisizoisha, anatoka damu kwenye fizi au anavilia bila kugongwa. Juisi ya rosela haitatibu hali hiyo, kwa sababu shamba lenyewe limevamiwa na magugu.

Madaktari wanaposema lukemia "kali" hawamaanishi kwamba ile nyingine, "sugu", ni nafuu. Kali ni ile inayokwenda kasi, siku na wiki. Sugu hujivuta, pengine kwa miaka. Na kali zipo za aina mbili kubwa: ya mieloidi, iliyompata kijana wetu, na ya limfu, ambayo ndiyo huwapata watoto zaidi.

Sasa kromosomu. Pita mjini Moshi kwenye baraza za mafundi cherehani. Fundi makini ana karatasi za kukatia, zile za kaki anazozilaza juu ya kitambaa na kuzifuatisha kwa chaki: kola, mkono, mgongo, mfuko. Kila seli ya mwili inayogawanyika imebeba karatasi za namna hiyo 46, nazo ndizo kromosomu. Ziko jozi 23, na katika kila jozi moja umepewa na baba, nyingine na mama. Zimepewa namba kuanzia 1 hadi 22, kubwa kwenda ndogo, na jozi ya mwisho ni ya jinsia: XX mwanamke, XY mwanamume. Maelekezo yaliyochorwa juu ya karatasi ndiyo jeni.

Seli inapogawanyika hunakili karatasi zote 46, na uloto hufanya kazi hiyo mabilioni ya mara kila siku. Siku moja, katika seli moja, karatasi mbili zinachanika. Zinapogundishwa upya, kipande cha kola kinaangukia kwenye mkono na kipande cha mkono kinaangukia kwenye kola. Hakuna kilichopotea, karatasi bado ni 46, lakini shati litakaloshonwa hapo halivaliki. Hitilafu hiyo tunaiita uhamisho wa vipande. Nyingine ni rahisi kuzielewa: karatasi nzima imepotea, au imezidi, au kipande kimekatika kikaenda.

Nilichukua ile karatasi ya majibu nikawawekea kidole kwenye mstari mmoja. Uliandikwa hivi:

46,XY,t(8;21)(q22;q22)[18]/46,XY[2]

Unaonekana kama namba za siri za benki, lakini ukiuendea polepole unasomeka. 46 ni idadi ya kromosomu. XY, ni mwanamume. Ile t ni uhamisho wa vipande, na 8;21 zinasema ni kati ya kromosomu ya 8 na ya 21. Mabano yanayofuata yanaonyesha mahali zilipochanikia: q ni mkono mrefu wa kromosomu, 22 ni mstari wa mahali penyewe, kama fundi anavyosema inchi ya ngapi. Halafu mabano ya mraba. Mtaalamu alihesabu seli 20 kwenye hadubini. Seli 18 zilikuwa na hitilafu hiyo. Mkwaju, ule mstari ulioinama (/), unatenganisha, kisha inakuja 46,XY[2]: seli 2 zilikuwa nzima kabisa.

Baba mdogo akaikodolea macho ile 2.

"Hizo mbili," nikamwambia, "ndizo zilizotoka kwa baba na mama. Hizi 18 zimeharibikia njiani."

Kama kijana angezaliwa na hitilafu ile, seli zote 20 zingekuwa nayo. Imeanzia kwenye damu yake mwenyewe, katika seli moja. Haikutoka Kibosho kwa kina baba wala Machame kwa kina mama. Hatamrithisha mwanawe, maana haimo kwenye mbegu zake za uzazi. Zipo familia chache sana duniani zenye jeni ya kurithi inayoongeza hatari ya lukemia, na daktari akiona ndugu wawili watatu wameugua atauliza. Lakini mstari kama huu wa kijana hausemi habari hiyo. Wanaozaliwa na kromosomu iliyozidi ni kama watoto wenye sindromu ya Down, ambao wana ya 21 tatu badala ya mbili karibu katika kila seli ya mwili. Watoto hao kweli hupata lukemia zaidi kuliko wengine. Ajabu ni kwamba aina ya mieloidi inayowapata wakiwa wadogo huitikia dawa vizuri sana.

Kilichonifurahisha mimi enzi za masomo ni namna mambo haya yalivyogunduliwa. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja fupi kupita kiasi kwenye seli za wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi. Hawakujua kilichoifupisha. Miaka kumi na kitu baadaye, Janet Rowley wa Chicago alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi juu ya meza ya kulia chakula nyumbani kwake na kuzipanga jozi jozi, watoto wake wakimtania kwamba anacheza na midoli ya karatasi. Pale mezani aliona vipande vimehama kati ya ya 8 na ya 21, na baadaye, mwaka 1973, akaeleza kwamba ile fupi ya Philadelphia ni ya 22 iliyobadilishana vipande na ya 9. Ile 8 na 21 ndiyo hii ya kijana wa jirani yangu. Mkasi, karatasi, meza.

Sasa swali ambalo kila familia inaliogopa: hitilafu hii inatuambia nini kuhusu kesho?

Watu hudhani jibu ni rahisi, kwamba kromosomu zikiharibika ugonjwa ni mbaya na zikiwa nzima ni mwepesi. Sivyo kabisa. Uhamisho kati ya 8 na 21 ni hitilafu ya wazi, inaonekana kwa macho kwenye hadubini, lakini imo kwenye kundi lenye matumaini. Sababu yake ukiielewa umeelewa karibu jambo zima.

Dawa nyingi za kemo, yaani tibakemikali ya saratani, haziui seli moja kwa moja. Zinaijeruhi. Ndani ya seli kuna mlinzi, jeni iitwayo TP53, iliyoko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 17. Mlinzi akiona jeraha limezidi anaiamuru seli ijiue. Katika lukemia ya 8 na 21 kilichovurugika ni maelekezo ya kukua, seli imebaki mtoto, ila mlinzi kwa kawaida yuko getini. Kemo ikija, hasa dawa iitwayo saitarabini kwa dozi kubwa, amri inatolewa na seli zinakufa kwa wingi. Mgonjwa mwingine unakuta kromosomu zake zina hitilafu tatu, tano, saba kwa pamoja, karatasi zimechanwachanwa, na mara nyingi ile ya 17 nayo imeguswa. Mlinzi hayupo. Kemo inajeruhi, hakuna wa kutoa amri, seli inajikung'uta na kuendelea. Dawa ni ileile, dripu ileile, kitanda kilekile.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 1,600 wa lukemia kali ya mieloidi, watoto na watu wazima, wengi wao chini ya miaka 56. Waligawanywa makundi matatu kwa kromosomu zao tu. Kundi la matumaini, lenye uhamisho wa 8 na 21, wa 15 na 17, na hitilafu moja ya kromosomu ya 16, lilikuwa na asilimia 65 waliokuwa hai baada ya miaka 5. Kundi la kati asilimia 41. Kundi gumu, wakiwemo waliopoteza kromosomu ya 5 au ya 7 na wale wenye hitilafu nyingi kwa pamoja, asilimia 14. Dawa na huduma zimesogea tangu hapo, lakini mpangilio wenyewe, nani juu na nani chini, haujabadilika sana.

Baba wa kijana alinisikiliza kisha akauliza, "Kwa hiyo ana 65?"

Nilimjibu kwa mfano wa mfereji wa kumwagilia mashamba. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaweza kutabiri mvua moja kwa Kilimanjaro yote, lakini mwenye zamu ya mfereji na asiye nayo hawavuni sawa. Zile asilimia 65 ni za watu waliopata kemo kamili kwa wakati, wakapata damu na chembe sahani kila zilipohitajika, na homa ilipopanda usiku walipewa antibayotiki ya mshipani usiku uleule. Kromosomu inatabiri mvua. Mfereji ni matibabu. Kijana mwenye kromosomu za matumaini akikatiza dozi ya pili kwa sababu nauli imeisha, au maambukizi yakimkuta wakati chembe nyeupe ziko chini, ile 65 haimhusu tena. Umri nao una uzito wake, na vivyo hivyo wingi wa chembe za saratani siku ya kwanza. Kwa hiyo mtu asije akashika namba moja akaiweka mfukoni kama risiti.

Upande wa pili kuna anayeambiwa "kromosomu ni za kawaida" akatoka amefurahi. Karibu nusu ya watu wazima wenye lukemia kali ya mieloidi hupata jibu hilo, na wao huwekwa kundi la kati. Hadubini inaona karatasi iliyochanika. Haioni fundi alipoandika inchi 12 badala ya 21. Makosa madogo ya namna hiyo yamo ndani ya jeni, na kuna vipimo vyake. Mabadiliko katika jeni iitwayo NPM1, yakiwa peke yake, huelekea kwenye nafuu. Yale ya FLT3 ya aina fulani huelekea kwenye ugonjwa kurudi. Ndiyo sababu daktari anaweza kuomba kipimo kingine wakati ninyi mnadhani majibu yameshatoka. Si kwamba anawaibia hela.

Ipo hitilafu moja ninayotaka kila muuguzi wa zahanati aijue, ile ya 15 na 17. Seli zake hutoa vitu vinavyovuruga ugandaji wa damu, na zamani mgonjwa alikuwa akifa kwa kuvuja damu kichwani ndani ya siku chache. Ilikuwa miongoni mwa lukemia zinazoua haraka kuliko zote. Mwaka 1985, mjini Shanghai, daktari Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 dawa iliyotokana na vitamini A. Haikuua zile seli. Ilizilazimisha zikue, zikawa chembe za kawaida, zikazeeka na kufa kifo chake. Baadaye ikaongezwa dawa ya arseniki, iliyotoka China pia, sumu ya panya ile, kwa kipimo cha hospitali. Leo, mgonjwa akivuka siku zile za mwanzo za hatari, zaidi ya tisa katika kumi wanaweza kupona. Daktari akihisi tu kwamba ndiyo hiyo, huanza dawa kabla majibu ya kromosomu hayajarudi, kwa sababu damu haisubiri majibu. Na kwa kuwa najua habari hii itafika sokoni Mbuyuni ikiwa imegeuka: karoti haitibu lukemia, na vidonge vya vitamini A vya dukani ukivimeza kwa wingi vinaharibu ini.

Kwa watoto wenye aina ya limfu hesabu ina ajabu yake. Seli zenye kromosomu zaidi ya 50 ni habari njema, zinaitikia dawa vizuri. Pungufu, chini ya 44, ni habari nzito. Kwa watoto wachanga chini ya mwaka mmoja mara nyingi kromosomu ya 11 ndiyo imechanika, na huko njia ni ngumu. Ile ya Philadelphia, ya 9 na 22, hutokea kwenye aina ya limfu pia, kwa watu wazima takriban mmoja katika wanne, na kwa miaka mingi ilikuwa jibu ambalo daktari alilisoma kwa sauti ya chini. Halafu mwaka 2001 ikaidhinishwa imatinibi, kwanza kwa lukemia sugu ya mieloidi, kidonge kinachoziba mdomo wa ile protini iliyozaliwa na vipande viwili kuungana. Kromosomu haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna ufunguo wa kufuli lile, na jibu lililokuwa baya likawa jibu linaloonyesha dawa.

Niseme kidogo juu ya sampuli, maana hapa ndipo wengi hulaumu hospitali bila kujua. Ili kromosomu zionekane, seli lazima ziwe hai na zikamatwe zikiwa zinagawanyika. Uloto huchukuliwa nyongani kwa sindano, huwekwa kwenye chupa yenye heparini, dawa inayozuia damu kuganda, kifuniko cha kijani, kisha seli huoteshwa maabara. Kipimo hiki hakipo kila hospitali, hivyo mara nyingi sampuli husafiri, na majibu huchukua wiki moja au mbili. Nilipokuwa kijana kazini, kwenye maabara nisiyoitaja, nilipokea chupa Ijumaa jioni nikaiweka kwenye friza. Nilidhani naitunza. Jumatatu majibu yakasomeka "seli hazikukua", na mama mmoja akachomwa nyonga mara ya pili kwa sababu yangu. Mpaka leo nikiona kifuniko cha kijani mikono inakuwa mizito. Ukiwa na mgonjwa, una haki ya kuuliza sampuli inaondoka lini na itafika lini, na usione haya kuuliza mara mbili.

Makundi haya yana matumizi ya moja kwa moja pia. Mgonjwa wa kundi la matumaini kwa kawaida hutibiwa kwa kemo peke yake. Wa kundi gumu, akishatulia, madaktari huwaza kumpandikiza uloto wa mtu mwingine, wakianza kumtafuta kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi moja katika nne ya kulingana naye. Hapo ndipo ndugu huitwa kupimwa damu, na hapo tena maneno ya ukoo huanza upya. Kipimo hicho kinatafuta wa kutoa. Hakimtafuti aliyeleta ugonjwa.

Pale sebuleni baba mdogo aliikunja miwani yake akasema basi, mchango uendelee. Baba akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mkewe asogee, akae kwenye kochi. Mama akaja, akaivuta karatasi kwake.

"Hii 18," akauliza, "baada ya dawa tunataka iwe ngapi?"

Nikamwambia tunataka sifuri, seli zote 20 ziwe kama zile mbili. Nikamwambia pia kwamba sifuri ya hadubini haitoshi, kwamba kuna kipimo kingine kinachoweza kunusa seli moja mbaya ndani ya elfu nyingi, na kwamba hata sifuri ikipatikana dozi zilizobaki lazima zimaliziwe. Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akaomba kalamu kwa baba mdogo, yule aliyekuwa akiandika majina ya waliochanga, na kando ya ile 18 akaandika 0, akaizungushia duara.